Mfupa wa Nyuma ya Sikio

Tarehe 3, mwezi wa pili

Kaka,

Shikamoo. Sisi tupo. Baba anakohoa, lakini asubuhi hii nimemsikia akigombana na jogoo, kwa hiyo usiwe na hofu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba siku hizi inalala kwa Baba Mdogo, na neno hili sitaki alisikie.

Kilima kinatakiwa. Kampuni ya kokoto imekuja na vipimo vyake, imeona jiwe la humo ndani ni zuri, inataka kukikata chote mpaka kilingane na barabara. Baba Mdogo amekubali kabla hajaulizwa. Baba amekataa. Ofisi ya ardhi imesema makaburi mapya, yaani la Bibi na la Mama, yanaweza kuhamishwa. Lakini yale ya kale kule juu kabisa, yaliyozungushiwa mawe, hayaguswi mpaka wazao wa waliolala humo waridhie. Wazao ni nani sasa? Baba anasema ni sisi, tangu dunia iwe dunia. Baba Mdogo anasema mifupa haina jina.

Basi wakaletwa wataalamu. Wamefukua kaburi moja, wakachukua fuvu. Kisha wakataka mate yetu, eti kwenye mate kuna vinasaba, watavilinganisha na vya yule marehemu. Mimi nilitema. Baba Mdogo alitema kama anamtemea mtu. Baba hakutaka kutema mbele za wageni, akageukia ukuta kama bibi harusi. Kabla hajatema akauliza, "Haya mate yataonyesha na mambo ya ndani ya nyumba?" Watu wakacheka. Mtaalamu akamjibu, "Hapana mzee, sisi tunatafuta ya kale tu." Ndipo akatema.

Nikauliza fuvu linapelekwa wapi. Wakanitajia jumba la utafiti, na mji lilipo. Kaka, si ndilo hilo unalopiga deki wewe?

Mama yuko pale. Upande wake wa kulia Baba amejiwekea nafasi yake, na wa kushoto ni pako, mawe manne aliyoyapanga siku ya mazishi ambayo hukuweza kuja. Kila akipalilia kwa Mama anapalilia na kwako. Wewe uko humo humo ndani. Huwezi kufanya lolote?

Mdogo wako,
Fundi Cherehani


Tarehe 26, mwezi wa pili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila magoti. Mtu akipiga deki miaka kumi na moja, magoti yanamtangulia uzeeni.

Ndilo jumba lenyewe. Chini kuna ofisi, watu wanakunywa chai na kubishana. Juu kuna chumba cha mifupa. Kuingia humo unavaa vazi jeupe la mwili mzima, barakoa, na glavu mbili mbili, kama mrina asali. Sakafu tunaiosha kwa klorini mpaka macho yanatoka machozi bila msiba. Mkubwa wa chumba ni mama mmoja mfupi, sauti yake ya chini. Sisi wa mafagio tunamwita Bibi Mifupa. Anajua, na ukimwita anaitika.

Zamani nilimuuliza kwa nini wanaogopa uchafu kiasi hicho. Akagusa nyuma ya sikio lake. "Humu ndani kuna mfupa mgumu kupita yote mwilini. Kwenye nchi za joto udongo unakula kila kitu, lakini humo vinasaba huweza kubaki. Tunautoboa, tunapata unga wa kujaza ncha ya kijiko. Basi marehemu mzima ndio huo unga."

Sanduku limekuja Jumatatu. Sikusoma jina. Nililijua kwa udongo, ule wekundu wetu unaoingia kwenye pindo la suruali na hautoki hata uchemshe. Nikasimama na fagio langu kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Juzi mfupa wa sikio la kulia ulikuwa kwenye trei, umeshasafishwa, unangoja kutobolewa. Mimi naingia saa kumi na mbili asubuhi. Wao wanaingia saa mbili.

Nimefanya kitu. Usiniulize. Mwambie Baba atulie, kilima ni chetu.

Kaka yako,
Mtu wa Ndoo


Tarehe 15, mwezi wa tatu

Kaka,

Shikamoo. Nilimwambia Baba kama ulivyosema. Nilidhani atacheka. Akaniuliza, "Amefanya nini?" Nikasema sijui. Akauliza tena, "Amegusa?" Kisha akachukua jembe akaenda kilimani kupalilia palipopaliliwa jana.

Baba Mdogo amepata harufu. Leo amepita mlangoni kwangu nikiwa nakata nguo, akasema, "Masikio anafanya kazi kwa wazungumza na wafu, siyo? Tutaona wafu watamjibu nini." Unakumbuka alivyokuwa akikuita Masikio, na Baba akamtandika kofi siku ile mbele ya wageni? Hajasahau hata kidogo.

Niandikie upesi. Sipendi Baba anavyonyamaza.

Fundi Cherehani


Tarehe 9, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Kazi sina tena. Nakwambia wewe kwanza, Baba utamwambia ukiona inafaa.

Hiki ndicho nilichofanya. Nilishusha barakoa, nikavua glavu, nikalowesha kidole gumba kwa mate nikaupaka ule mfupa, taratibu, kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Hesabu yangu ilikuwa hivi: vinasaba viko kwenye mate, mate yangu ni ya ukoo wetu, basi watakuta ukoo wetu. Nilijiona sungura. Niliishia darasa la sita, na nadhani somo hili lilikuwa la saba.

Walitoboa, wakapima, wakaona mtu wa leo amelala juu ya mtu wa kale kama mafuta juu ya maji. Halafu wakajua ni nani. Siku niliyoajiriwa nilitemeshwa kwenye kichupa. Mimi nilidhani wananipima kifua kikuu, nikashukuru kwa kuwa hawakunipata na kitu. Kumbe kila anayekanyaga jumba lile, mpaka anayeleta maziwa ya chai, mate yake yamehifadhiwa, ili uchafu ukionekana ujulikane wa nani.

Bibi Mifupa hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Huyu mtu amenyamaza miaka elfu moja na mia tatu. Leo alitaka kusema, na wewe ukamtemea mdomoni."

Nikamwambia ukweli wote, kilima, Mama, kokoto. Akakaa. Nikajitetea, nikamwambia, basi angalau mmeona mimi ni wa pale, maana mate ya Baba yangu mnayo, ya dada yangu mnayo. Yafananisheni na yangu, mtaona sikuwa mwizi aliyetoka barabarani. Akaangalia karatasi yake. Akaigeuza kifudifudi. Akasema, "Mimi sikuajiriwa kukwambia hayo. Nenda kaongee na watu wa nyumbani kwenu."

Nimeyageuza maneno yale siku kumi. Wewe ulikuwa na Mama siku zake za mwisho. Ni nini ambacho mwanamke nisiye na undugu naye anakijua juu yangu, nami sikijui?

Kaka yako


Tarehe 30, mwezi wa nne

Kaka,

Nimeanza barua hii mara nne. Mara moja nimeikata na mkasi wa kazini.

Mama aliniambia. Aliniapisha, na kiapo hicho nimekibeba miaka tisa. Alipoolewa na Baba alikuwa na mimba ya miezi mitano. Yako. Yule mtu alikuwa mchimba visima, mtu wa bondeni. Alichimba kisima cha kwao Mama, alipomaliza kisima akaenda kuchimba kingine, hakurudi. Watu wa bondeni unawajua walivyosemwa nyumbani kwetu: hawana pao, wanazaliwa shimoni wanafia shimoni. Bibi alikuwa hanywi maji kwenye kikombe alichonywea mmoja wao.

Baba alijua tangu siku ya kwanza. Ndugu walipomjia juu aliwaambia, "Kitanda hakizai haramu," akafunga mlango, na lile neno halikusemwa tena ndani ya nyumba. Baba Mdogo alikuwa miongoni mwa waliofungiwa mlango. Ndiyo maana ya Masikio. Ni masikio ya yule mtu.

Nisamehe. Nilidhani siri hii itaisha yenyewe, sisi sote tukishalala pale juu.

Mdogo wako. Bado ni mdogo wako, tumbo lile lile.


Tarehe 2, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kwenye foleni ya vibarua. Sasa nabeba zege. Ndoo ni zile zile, uzito tu ndio umebadilika.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na maneno mabaya, na aliyestahili kuyasikia hayupo: yuko kaburini upande wa kulia wa mawe yangu manne. Nilikuwa natuma salamu kwa "wazee wangu wa kilimani" kila mwaka mpya. Nimecheka sana peke yangu. Wenzangu wanadhani zege limenipanda kichwani.

Sasa sikiliza. Bibi Mifupa amenitafuta mpaka kwenye ujenzi. Kavaa viatu vyake safi, kakanyaga tope, mnyapara akadhani ni mkaguzi, akatuvalisha kofia ngumu wote kwa haraka. Alikuja kuniambia kuwa fuvu lina masikio mawili. La kushoto walikuwa wameliweka. Wamelitoboa kwa uangalifu, limetoka safi, na marehemu amesema.

Amesema hivi. Yeye si wa kwetu. Yaani si wa kina Baba. Watu wa ukoo wa Baba wametokea kwingine, wamefika pale karne tatu au nne tu nyuma. Wale waliolala kwenye duara za mawe walikuwepo muda mrefu kabla yao. Nikamuuliza, wazao wao wako wapi? Akasema hawakupata wa kuwalinganisha kule kijijini, wote waliotema hawafanani naye. Isipokuwa mate mamoja ya zamani, ya kwenye kabati lao wenyewe. Ya mfagiaji.

Nikamuuliza, kwa hiyo yule ni babu yangu? Akakataa. "Baada ya miaka mingi hivyo hakuna anayeweza kusema babu wa nani. Ninachoweza kusema ni kwamba watu wake na nusu ya watu wako wametoka chungu kimoja." Nikamwambia ofisi ya ardhi haitaelewa habari za chungu. Akasema anajua, ofisi inataka ndiyo au hapana.

Kwa hiyo bondeni si kwao. Walikuwa juu. Sisi, nasema sisi, tuliwashusha, kisha tukawacheka kwa kuwa chini.

Ameniletea fomu. Nikisaini kuwa mimi ni mzao wa watu wa bondeni, sauti ya mzao mmoja inatosha, kampuni ya kokoto inafungasha. Lakini kuna mahali panauliza jina la baba mzazi, na kuthibitisha kuwa mtu aliyenilea si yeye. Itabandikwa ubaoni ofisini siku thelathini, kila mwenye macho asome. Jina la Mama. Jina la Baba.

Sisaini. Mbele ya Bibi Mifupa nilisema, na kwako nasema, nitakufa mtoto wa Baba. Wakakate kilima. Mama mhamisheni kwa heshima, na mawe yangu manne Baba Mdogo atengenezee jiko.

Kaka yako


Tarehe 24, mwezi wa sita

Mwanangu,

Anayeandika ni dada yako. Nimemwonya asiongeze wala asipunguze.

Nimesikia umekataa kusaini kwa ajili yangu. Ukaidi huo umeutoa kwangu, mchimba visima hahusiki. Lakini safari hii umemkaidi mtu usiyemweza.

Mama yako nilimweka pale kwa mikono hii. Wamekuja kunionyesha boksi watakalomtilia. Ni fupi. Nimewaambia mke wangu alikuwa mrefu. Wakasema mzee, itakuwa mifupa tu. Sitaki kuyaona hayo, na macho yangu bado yanaona.

Unaogopa watu watasoma. Watasoma nini ambacho hawakukisema jikoni kwao miaka arobaini na mbili? Mimi nilikwisha kusikia yote kabla hujaota meno. Ile fomu inauliza baba yako ni nani. Haijui kuuliza. Ipe inachotaka iondoke.

Usiniombe radhi. Nakutuma, kama nilivyokuwa nikikutuma kiberiti dukani. Nenda, usipite popote, rudi.

Baba yako

Kaka, hapa ni mimi. Alipomaliza aliniambia nisome. Nikasoma. Akasema nifute lile neno la kwanza, "Mwanangu", ofisi wasije wakaikuta barua ikaharibu fomu. Nikachukua kalamu nifute. Akasema, "Acha." Nikaifunika kalamu. Akasema tena, "Acha hivyo hivyo."


Tarehe 11, mwezi wa saba

Mdogo wangu,

Nimesaini. Kwenye jina la baba mzazi nimeandika "Simfahamu", na huo ndio ukweli uliokuwa mgumu kuuandika kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Mwambie Baba nimekwenda na sikupita popote.

Kaka yako


Tarehe 5, mwezi wa tisa

Kaka,

Shikamoo. Siku thelathini zimekwisha. Mashine zimeondoka wiki iliyopita, zimeacha alama za magurudumu kwenye shamba la mahindi la Baba Mdogo tu, Mungu ana utani wake. Ofisi imechomeka ubao chini ya kilima: eneo la makaburi ya kale, mwenye haki ni wewe, jina lako lote.

Watu walisoma. Wiki ya kwanza walikuwa wananyamaza nikipita. Wiki ya pili wakaleta nguo za kushonwa kama kawaida. Baba alikuwa sahihi, neno lenyewe lilikuwa chakula cha zamani, wamelitafuna wamechoka.

Lakini Baba hashuki tena kitandani. Kikohozi kimehamia mgongoni. Daktari wa zahanati amesema tumkalishe vizuri, akaishia hapo.

Na Baba Mdogo hakukubali kushindwa. Amekwenda ofisini na nakala ya fomu yako mwenyewe. Amewaambia: kama kilima ni cha watu wa bondeni, basi kaka yangu ni mgeni, na mgeni hazikwi pale. Karani kafungua kitabu, kakuta kweli ipo sheria. Asiye mzao hazikwi kwenye eneo hilo bila idhini ya maandishi ya mwenye haki, nayo ije kabla hajafa. Nimekuwekea fomu humu. Nilimbishia karani kwamba huyu ni mtu na mkewe. Akasema, "Mama, mimi sina neno, neno liko kwenye kitabu."

Baba hajui. Anauliza tu kama umeandika. Saini, itume kwa njia ya haraka.

Fundi Cherehani


Tarehe 12, mwezi wa tisa

Mdogo wangu,

Fomu hii hapa, imesainiwa, ina mhuri. Idhini nimempa. Upande wa kulia wa Mama, kama alivyojipimia. Wakibisha, wasomee jina lililo kwenye ubao.

Nilipoijaza nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji, wakati wa kupumzika. Kuna mistari saba. Jina langu. Haki yangu juu ya eneo. Jina la atakayezikwa. Umri wake, nilikumbuka hata mwezi aliozaliwa. Mstari wa tano unauliza, "Uhusiano wako na atakayezikwa".

Niliandika herufi ya kwanza ya "mtoto" nikasimamisha kalamu. Nikiandika mtoto, ile fomu ya kwanza inakuwa uongo, kilima kinabaki bila mzao, na mashine hazijafika mbali. Nimeigeuza herufi ile ikawa doa la wino, utaliona. Pembeni ya doa nimeandika "Hakuna".

Usimwonyeshe. Akiuliza, mwambie kiberiti nimekipata. La kurudi, usimjibu.

Kaka yako